Mwanasheria Mkuu, Michezo ya Video na Kura ya Kijana

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara iwapo mwanasiasa anayekemea michezo ya video hupoteza kura za vijana. Historia ina majibu mawili, na yote mawili yanahitaji kusomwa pamoja.

Tuanze na jimbo la Australia Kusini. Michael Atkinson alikuwa Mwanasheria Mkuu wa huko tangu 2002. Wakati huo filamu za Australia zilikuwa na daraja la watu wa miaka 18 na zaidi, ilhali michezo ya video iliishia daraja la miaka 15. Mchezo uliovuka kiwango hicho haukuruhusiwa kuuzwa, hata kwa mtu mzima. Kubadili utaratibu kulihitaji ridhaa ya serikali kuu na majimbo yote, na Atkinson alikataa, akisema kwamba analinda watoto. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mzazi yeyote anaielewa. Kasoro yake ni kwamba ilimweka mpiga kura wa miaka 25 katika kundi moja na mtoto wa miaka 10.

Wachezaji walianzisha chama, Gamers4Croydon, wakamkabili Atkinson katika jimbo lake la uchaguzi Machi 2010. Atkinson alishinda, mgombea wao hakufikisha hata asilimia 5. Anayehesabu kura tu atasema kwamba makemeo hayana gharama. Lakini miezi hiyo hiyo serikali kuu ilikuwa imeomba maoni ya wananchi kuhusu suala hilo. Ilipokea zaidi ya 58,000, na karibu yote yalitaka daraja la watu wazima. Atkinson aliachia wadhifa wa Mwanasheria Mkuu mara baada ya uchaguzi, na Januari 2013 daraja hilo likaanza kutumika nchini kote. Vijana walishindwa kwenye sanduku la kura, wakafanikiwa kwenye sera.

Jibu la pili linatoka Marekani. Katika kampeni za 2008, Barack Obama naye aliwahimiza wazazi wawaondoe watoto kwenye michezo ya video ili wasome. Hata hivyo, Oktoba mwaka huo kampeni yake ilinunua matangazo ndani ya michezo hiyo hiyo, ukiwemo Burnout Paradise, kuwahimiza wachezaji wapige kura mapema. Takriban theluthi mbili ya wapiga kura wa miaka 18 hadi 29 walimchagua. Sidai kwamba matangazo hayo ndiyo yaliyompa kura. Vita vya Iraq na hali ya uchumi vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba makemeo peke yake hayakuwafukuza.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko hapa: Obama aliwakosoa wachezaji kisha akawafuata walipo kama wapiga kura. Atkinson aliwafungia mlango. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na wanasiasa wengi huwatazama vijana kwa jicho hilo. Lakini Tanzania na Kenya, kama Australia, humpa raia kura akiwa na miaka 18. Mtumishi wa umma anayeandaa kanuni za burudani za vijana, na mwanaharakati anayezipinga, wajiulize swali moja kabla ya kuandika: je, wahusika wameombwa maoni yao?