Nani Ataiambia AC Imetosha?

Gari la kwanza kuuzwa na AC ya kiwandani lilikuwa na kituko chake: ukitaka kuuzima mtambo kabisa, unazima injini, unafungua boneti na kuutoa mkanda wa kompresa kwa mkono. Hilo lilikuwa Packard la Marekani, lililozinduliwa mwishoni mwa 1939. Mtambo wenyewe ulimeza nusu ya buti na kuongeza dola 274 kwa bei. Kitu pekee ambacho dereva angeweza kurekebisha ni kasi ya feni. Kufikia 1942 Packard walikuwa wameachana nao.

Baridi basi ilipatikana. Kilichokosekana ni cha kuiambia imetosha.

Jibu lilikuja na magari ya Cadillac ya 1964, yenye mfumo ulioitwa Comfort Control. Dereva alichagua kiwango cha joto, halafu akasahau. Na utamu wa hadithi ni kwamba hapakuwa na kompyuta. Kulikuwa na vihisi vidogo, ndani na nje ya gari, vinavyopitisha umeme zaidi au kidogo kulingana na joto. Saketi ndogo ikaukuza ujumbe huo, kisha mnyonyo wa hewa wa injini ukavuta vilango vilivyofichwa nyuma ya dashibodi. Hewa ilipozwa kwanza, halafu sehemu yake ikapitishwa kwenye hita yenye maji moto ya injini, zikachanganywa. Ndio, kupoza kisha kupasha tena. Unaweza kuona ni upuuzi, lakini hewa ikipozwa huacha unyevu wake, na ndiyo sababu AC hufuta ukungu kwenye kioo asubuhi ya Julai kule Limuru.

Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yana wazo lilo hilo nyuma ya kitufe cha AUTO, sasa likiendeshwa na kompyuta. Mengine yana hata kihisi cha jua juu ya dashibodi. Ukiingia gari lililoiva juani, kushusha namba hadi mwisho kwa kawaida hakuharakishi chochote. AUTO tayari inapoza kwa nguvu zake zote.

Bei ya petroli, lakini, hakuna kihisi kinachoipima. Kompresa hula mafuta, na dereva wa teksi ya app mara nyingi huyanunua mwenyewe. Kwa hivyo kwenye jam ya Mombasa Road, saa nane mchana, AC imezimwa na vioo vimeshushwa. Abiria anaomba iwashwe, na hapo wanaanza kupatana.