Kiendeshi, seva, mtandao

kiendeshi nm vi- [ki-/vi-] programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kutumia kifaa fulani, k.m. printa au kadi ya mtandao, draiva.

seva nm [i-/zi-] kompyuta au programu inayozipa kompyuta nyingine data au huduma zinazoziomba kupitia mtandao.

*Matumizi.* Kiendeshi kimetokana na kitenzi endesha, kwa muundo ule ule wa kichapishi. Kasoro ni kwamba baadhi ya watafsiri hukitumia pia kwa maana ya diski. Hivyo ujumbe "kiendeshi hakikupatikana" humwacha msomaji njia panda: programu ndogo haijasakinishwa, au diski yenye kumbukumbu zote za ofisi imekufa? Fundi wa Singida mjini anayesomewa maneno hayo kwa simu kutoka Nduguti, wilayani Mkalama, hajui kama afunge safari na diski mpya au aelekeze kwa simu namna ya kusakinisha programu upya. Tunashauri kiendeshi kibaki kwa programu, na diski iitwe diski. Draiva, neno la mafundi wenyewe, halina ubaya (draiva imeharibika, draiva zimeharibika). Dereva tumwachie mshika usukani.

Mtandao ni neno lenye mzigo mkubwa zaidi. Kauli "mtandao umekata" husemwa intaneti inapokosekana, seva isipojibu, na hata kompyuta moja inaposhindwa kuitambua kadi yake ya mtandao. Chukua zahanati inayotumia FFARS, mfumo wa uhasibu unaofunguliwa kwa kivinjari. Tovuti nyingine zikifunguka na mfumo huo ukagoma, yamkini seva haijibu, na kuzima na kuwasha kompyuta hakutasaidia. Kompyuta zote zikikosa kila kitu, intaneti haipo. Lakini kompyuta moja ikikwama huku jirani zake zikifanya kazi, hitilafu imo ndani yake au katika waya wake, na kiendeshi cha kadi ya mtandao ni miongoni mwa washukiwa wa mwanzo. Hapo kauli "mtandao umekata" humfanya mtu asubiri siku nzima kitu ambacho hakikuondoka. Mtafsiri wa miongozo ataje kilichokosekana: intaneti haipo, seva haijibu, kadi haitambuliwi.

Jihadhari pia na "kuunganishwa na". Katika kauli ya kutendwa, na hutambulisha mtenda: mlango umefungwa na mlinzi. "Kompyuta imeunganishwa na seva" yaweza basi kusomeka kwamba seva ndiyo iliyounganisha. Wazungumzaji wengi huelewa kwa muktadha, lakini ujumbe wa hitilafu hutokea peke yake kwenye kioo, bila muktadha. Bora: *Kompyuta imeshindwa kuifikia seva*, au *Kompyuta haijaunganishwa kwenye seva*.