Simu ya Upepo Ndani ya Nyumba

Kiswahili cha zamani kilikuwa na jina zuri kwa mtambo unaopeleka habari pasipo waya. Kiliuita simu ya upepo. Jina hilo halikuwa sahihi kwa mizani ya elimu, maana upepo hauchukui neno la mtu, na mawimbi yachukuayo habari hupita hata mahali pasipo na hewa kabisa. Lakini lilieleza vema mshangao wa watu. Leo, msomaji, simu hiyo ya upepo imeingia nyumbani. Ni kisanduku chepesi kiitwacho ruta, chenye taa ndogo na pengine pembe mbili tatu, na aghalabu utakikuta juu ya kabati kando ya televisheni. Nataka kukueleza kilikotoka, na kwa sababu gani mtu akaaye Njukini hapaswi kukichagua kama akichaguavyo mtu wa Nairobi. Mambo haya mawili ni jambo moja. Asiyejua asili ya kisanduku hiki hudhani kwamba chenyewe ndicho kizaacho intaneti. Akauza mbuzi, akanunua kile chenye pembe nyingi kuliko vyote dukani, kisha akakiwasha na kukuta hakina cha kumpa.

Ruta haizai kitu. Mfano wake ni pale mfereji mkuu wa shamba unapogawanyika kuwa vijifereji: hapo maji hupewa njia, hayachimbuki. Kama mfereji mkuu ni mkavu, ustadi wa kugawa haufai. Basi swali la kwanza si kisanduku gani ni kizuri. Ni mfereji upi unafika kwako. Na swali hilo, kwa mahali kama Njukini, lina historia ndefu.

Njukini iko katika nchi ya Taveta, kaskazini ya mji wenyewe, katika njia iendayo Loitokitok. Kilimanjaro iko upande wa magharibi, na mpaka wa Tanzania u karibu sana. Habari za mbali zilichelewa kufika huko, kwa kuwa waya ulikuwa na tabia ya kufuata njia za biashara na za utawala. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na nguzo za simu zikasimamishwa sambamba na reli. Zikapita Voi, zikapita Nairobi, na reli ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Tazama ramani utaona jinsi mstari huo unavyokwenda moja kwa moja kaskazini-magharibi, ukiiacha Taveta mbali upande wa kushoto. Tawi la reli kutoka Voi kwenda magharibi halikujengwa kwa ajili ya wakulima wa Taveta. Lilijengwa mwaka 1915 na 1916 kwa ajili ya askari.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa vita hivyo vina somo lihusulo kisanduku chetu. Katika miaka ya 1886 hadi 1888 mtaalamu Mjerumani, Heinrich Hertz, alithibitisha kwa majaribio kuwapo kwa mawimbi yasiyoonekana, yaendayo kwa mwendo wa nuru. Guglielmo Marconi, Mwitalia, aliyageuza kuwa chombo cha habari, na mwezi wa Desemba 1901 alitangaza kwamba amepokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki. Haikupita miaka kumi na mitano kabla mambo hayo hayajafika Afrika Mashariki, nayo yalifika na mizinga. Vita vilipozuka, Wajerumani walikuwa na mnara wa simu ya upepo katika Dar es Salaam. Siku ya tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika mbele ya mji ikaupiga mizinga, shabaha yake ikiwa ni mnara ule. Juma moja baadaye, tarehe 15 Agosti, askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Waliikalia hata Machi 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipovuka Mto Lumi na kushika miinuko ya Ziwa Chala tarehe 8, jirani kabisa na nchi hii tunayoisema.

Fikiri kwa nini mnara ulikuwa shabaha ya kwanza. Waya wa chini ya bahari ukikatwa, habari hufa. Lakini mawimbi hayawezi kukatwa kwa kisu, basi lazima uuvunje mdomo uyatoao. Hiyo ilikuwa nguvu ya simu ya upepo. Udhaifu wake ulionekana Ulaya mwezi ule ule wa Agosti 1914: majemadari wa Kirusi walipelekeana amri kwa mawimbi bila kuzificha kwa maneno ya siri, Wajerumani wakazisikia, na zikawasaidia kushinda vita vya Tannenberg. Yasemwayo hewani ni ya kila mwenye sikio. Weka jambo hili akilini, tutalirudia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, na kwa miaka mingi mawasiliano mengi ya Kenya na nchi za mbali yalipanda mbinguni na kushuka, mpaka mwaka 2009, nyaya mpya za nyuzi za kioo zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari: SEACOM, na TEAMS itokayo Fujairah katika Falme za Kiarabu. Tangu hapo mfereji mkuu wa nchi ukajaa.

Lakini kisanduku chenyewe kilizaliwa wapi? Mizizi yake iko katika visiwa vya Hawaii, na napenda kisa chake, kwa kuwa ni kisa cha watu waliokuwa mbali na waya kama wengi wetu. Chuo kikuu cha huko kilikuwa na kompyuta kubwa katika kisiwa kimoja na wanafunzi katika visiwa vingine. Norman Abramson na wenzake wakaunganisha vituo hivyo kwa redio, na mwaka 1971 mtambo wao, ulioitwa ALOHAnet, ukaanza kazi. Shida yao ilikuwa hii: vituo vyote vilisema katika masafa mamoja ya mawimbi, na viwili vikisema pamoja, maneno yaligongana yakaharibika. Dawa yao ilikuwa nyepesi ajabu. Kituo ambacho maneno yake yamegongana hungoja muda mfupi wa kubahatisha, kisha husema tena. Na kwa kuwa kila kimoja kimengoja muda wake, si rahisi wagongane mara ya pili. Ruta ya leo imeongeza adabu moja: husikiliza kwanza kama kuna asemaye. Ni desturi ya baraza, kwamba mtu hasemi mwenziwe akisema. Na baraza likijaa watu mno, hata wenye adabu hungoja zamu kwa muda mrefu.

Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu mawimbi ya masafa fulani yatumiwe na vyombo vya namna hii bila ya kila mtu kuomba leseni. Miongoni mwake yalikuwamo yale ya karibu na gigahezi 2.4, ambayo pia ndiyo yatumiwayo na majiko ya mikrowevu. Ndiyo sababu hata leo jiko hilo likiwaka, ruta iliyo kando yake yaweza kupungukiwa nguvu. Mwaka 1997 wahandisi walikubaliana kanuni moja kwa vyombo vyote, vikaweza kupeleka megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 zikawa 11, na mwaka huo huo jina la Wi-Fi likabuniwa. Wengi hufundisha kwamba jina hilo ni kifupisho cha maneno marefu ya kitaalamu. Sivyo, lilitungwa na watu wa biashara kwa ajili ya kuvuta masikio, kama jina la sabuni.

Sasa turudi Njukini na fedha mkononi. Mifereji iwezayo kufika nyumbani ni mitatu. Wa kwanza ni nyuzi za kioo, ambazo watu huziita faiba. Hizi ni bora kuliko zote pale zilipo. Lakini kabla ya kununua ruta ya faiba, uliza kampuni kama nyuzi zapita karibu na ua wako, wala usitosheke na jibu kwamba zimefika katika kaunti, kwa maana kaunti ni kubwa na waya haujaacha tabia yake ya kale. Wa pili ni mnara wa simu za mkononi, ule ambao wengi huuita busta. Ruta ya namna hii hutiwa laini kama simu. Kabla ya kuinunua, chukua simu yenye laini ya kampuni hiyo, uzunguke nayo nyumba nzima, ndani na nje, ukijaribu kasi yake asubuhi na tena usiku, wakati watu wengi wanapotumia. Jaribio hilo halina gharama kubwa, nalo litakuambia zaidi ya maneno yote ya muuzaji. Tena hakikisha kwamba kisanduku hakikufungwa kwa kampuni nyingine. Mfereji wa tatu ni setilaiti. Hizi si zile za zamani zilizokaa kilomita 36,000 juu, ambazo swali na jibu lake vilichukua karibu nusu ya sekunde. Za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya mwezi wa Julai 2023, huzunguka kiasi cha kilomita 550 tu. Ni neema kwa aliye mbali na mnara, lakini sahani yake yataka anga wazi pasipo matawi ya miti, na hula umeme mwingi kuliko ruta ya laini. Mwenye kutegemea jua na betri na afanye hesabu kwanza.

Ama pembe nyingi na kasi kubwa iliyoandikwa juu ya boksi, hiyo ni kasi baina ya kisanduku na simu yako, si kasi ya mfereji. Ruta nyingi za sasa husema kwa masafa mawili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini huchoka upesi kwa kuta. Yale ya 2.4 huenda mbali zaidi. Nairobi, katika jumba la ghorofa lenye ruta themanini, baraza la 2.4 limejaa, na mtu hulazimika kukimbilia 5. Njukini majirani hawakusongamana hivyo, 2.4 ni shwari, nayo itafika hata jikoni lililo ng’ambo ya ua. Usilipie usichokihitaji.

Pa kukiweka ni jambo la kufikiri. Ruta ya faiba au ya setilaiti ikae katikati ya nyumba, juu, mbali na mabati na pipa la maji, kwa kuwa chuma huyarudisha mawimbi na maji huyameza. Ruta ya laini ina shida ya pekee: ina masikio mawili. Moja lasikiliza mnara ulio mbali, la pili lasikiliza watu wa nyumbani walio karibu. Lililo mbali ndilo lenye haja kubwa. Basi iweke dirishani, upande uelekeao mnara, hata kama chumba cha mwisho kitapata kidogo.

Kisha uifungue. Unganisha simu kwa jina na neno la siri lililochapwa chini ya kisanduku, uandike ile namba ianzayo kwa 192.168, ambayo pia huchapwa hapo. Namba za namna hiyo zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, kwa kuwa anwani za dunia zilikuwa zinaelekea kwisha. Ndiyo maana jirani yako aweza kuwa na namba ile ile, na msigombane.

Ukiwa humo, tafuta mahali pa kuzuia matumizi ya mtandao wa nchi ya nje. Jambo hili mtu wa Nairobi hana haja nalo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliketi Ulaya wakapiga mstari kutoka pwani, ukapita upande huu wa Kilimanjaro, mawimbi hayakuambiwa. Ruta iliyo mpakani yaweza kushika mnara wa Tanzania kwa sababu tu una nguvu zaidi saa ile, na bando lako la Kenya lisitumike, bali utozwe kwa bei ya msafiri.

Mwisho badili maneno ya siri yote mawili, la kuingilia mtandao na lile la kufungulia kisanduku chenyewe. La pili ndilo husahauliwa, na ndilo funguo ya nyumba nzima. Kumbuka majemadari wa Tannenberg. Mawimbi yako hayaishii ukutani. Aliye barabarani anayasikia. Kufuli ya kwanza ya Wi-Fi, iitwayo WEP, ilionekana mwaka 2001 kuwa yafunguliwa kwa urahisi. Ikaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Chagua ya mwisho, au ile ya 2004 ikiwa simu za nyumbani ni za zamani. Na kama muuzaji wa vitu vilivyotumika akikuletea kisanduku kisichojua hata hiyo ya 2004, mrudishie, ingawa taa zake zote zinawaka.