Nusu Karne ya Baraza la Mitihani, Ikitazamwa kutoka Mwanhuzi

Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 ndiyo iliyolizaa Baraza la Mitihani la Tanzania. Miaka miwili kabla ya hapo nchi ilikuwa imejitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kabla ya hilo karatasi za sekondari zilikuwa zikitungwa Cambridge, Uingereza. Kutunga, kusahihisha na kutoa cheti kwa mikono yetu lilikuwa jambo la heshima kwa taifa lililokuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, na heshima hiyo haijachuja hadi leo. Ila huku Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, watu wengi hawalijui Baraza kwa sheria yake. Wanalijua kwa siku mbili za Septemba, pamba ikiwa imeshavunwa na kuuzwa, ambapo darasa la saba huketi mbali mbali kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, bahasha hufunguliwa mbele yao, na wazazi hungoja.

Nafasi waliyokuwa wakiingoja zamani ilikuwa nyembamba mno. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto aingie shule, na ilipofika 1977 madarasa ya msingi yalikuwa yamefurika nchi nzima. Sekondari hazikuongezeka kwa mwendo huo. Katika miaka ya 1980 waliopata nafasi sekondari za serikali hawakufika kumi kati ya mia waliomaliza darasa la saba. Nafasi ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, na idadi ya waliofaulu ilifuata idadi ya vitanda vilivyokuwa mabwenini. Mtoto mwenye akili nzuri kabisa aliweza kuachwa kwa sababu tu nafasi zilikwisha kabla ya kufikiwa jina lake. Akarudi kuchunga na kulima, na kijiji kikamwita aliyefeli. Naona huo ndio uonevu mkubwa kuliko wote katika historia ya mtihani huu, na Baraza halikuwa na uwezo wa kuuondoa, kwa sababu halikuwa likijenga shule.

Aliyeuondoa kwa sehemu kubwa ni mwananchi aliyebeba mawe na mchanga. Kuanzia mwaka 2004, na kwa kasi zaidi kuanzia 2006, sekondari za kata zilijengwa kila pembe. Nyingi zilianza bila maabara, bila nyumba za walimu, pengine na walimu wawili au watatu. Zimesemwa sana, na mengi yaliyosemwa ni kweli. Hata hivyo ndizo zilizompa mtoto wa Meatu mahali pa kwenda akishafaulu.

Kisha likaibuka swali la pili: je, waliofaulu wanajua kusoma? Tafiti za mpango wa Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilionyesha kwamba mmoja kati ya watano waliomaliza shule ya msingi hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 Baraza likaleta karatasi ya kujibia inayosahihishwa na mashine, mtahiniwa akiweka kivuli kwenye herufi ya jibu, na waliofaulu mwaka huo walikuwa asilimia 31 hivi. Mwaka 2019 wakapita asilimia 80. Mashine ilileta kasi na kupunguza hila za usahihishaji. Lakini mtu anayejua watoto hawa wanavyokua atasita kuamini kwamba akili ya nchi ilipanda hivyo ndani ya miaka saba. Somo la hisabati ndilo lililoumia zaidi, maana kwa maswali ya kuchagua herufi msahihishaji haoni njia ambayo mtoto ameipita hadi kufikia jibu.

Kulinda bahasha nako kumekuwa vita. Mwaka 2018 Baraza lilifuta matokeo ya shule zote za msingi za Chemba, Dodoma, pamoja na shule kadhaa za kwingine, na watoto wakarudia mtihani Oktoba. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, mtihani wenyewe ulisogezwa hadi Oktoba.

Mkoa wetu wa Simiyu ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, mwaka uleule wa karatasi za kivuli, na ukaanza safari yake ukiwa na mengi ya kuthibitisha. Chini ya mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, kambi za kitaaluma zilikuwa jambo la kila msimu wa mitihani. Walimu hodari walikusanywa, watahiniwa wakalala shuleni, wazazi wakachanga mahindi na maharage. Kambi hizo zina wanaozilaumu kwamba zinawakaririsha watoto. Mimi naziheshimu kwa sababu moja: mtoto wa kike aliyelala shuleni wiki zile hakuchota maji usiku, wala hakuwa nyumbani kwa wale wanaomnong'oneza aweke kivuli popote ili afeli, aolewe, ng'ombe wa mahari waje. Jambo hilo limekemewa mara nyingi Usukumani, na hakuna jedwali la ufaulu linaloweza kumtofautisha mtoto aliyeshindwa na aliyeshindishwa.

Mwanzoni mwa 2023, mwaka wa nusu karne yake, Baraza lilitangaza kuacha kutaja shule bora na watahiniwa bora. Ulikuwa uamuzi mwema. Kuilinganisha shule ya Meatu yenye watoto mia katika chumba kimoja na shule ya bweni ya kulipia hakukumfundisha mwalimu chochote. Kinachomfundisha ni uchambuzi wa majibu ambao Baraza huutoa, unaoonyesha swali gani liliwashinda wengi na walikosea wapi. Uchambuzi huo unastahili kufika mikononi mwa kila mwalimu wa darasa la saba, umechapwa, asilazimike kuutafuta kwa bando lake mwenyewe.

Muda uliobaki wa kujiandaa kwa mabadiliko yajayo ni mfupi. Kwa sera ya elimu toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 sekondari za kata za Meatu zitapokea madarasa mawili kwa mkupuo mmoja. Swali la nafasi lililowaacha nje watoto wa miaka ya 1980 litarudi tena, safari hii likiwa kwenye idadi ya vyumba, madawati na walimu wa hisabati.