Tarumbeta Iimbayo: Historia ya Sauti Njema Katika Ibada

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa tarumbeta ambayo sauti yake haieleweki: nani atakayejiweka tayari kwa vita? Swali hilo limefuatana na tarumbeta za Kilutheri tangu mwanzo wake. Wingi wa vyombo haukutosha kamwe. Jambo kuu lilikuwa sauti itokayo ndani yake.

Mwaka 1843, katika uamsho ulioongozwa na Mchungaji Johann Heinrich Volkening, kikundi cha tarumbeta kilianzishwa Jöllenbeck, karibu na mji wa Bielefeld, Ujerumani. Makusanyiko ya injili yalifanyika nje, mahali ambapo kinanda cha kanisani hakikuweza kubebwa. Eduard Kuhlo aliikuza kazi hiyo. Mwanawe, Mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), aliiendeleza zaidi, hasa baada ya kufika Bethel mwaka 1893 kuwaongoza mashemasi waliohudumia wagonjwa wa kifafa.

Siku zile mfano uliojulikana na wengi ulikuwa bendi ya jeshi, yenye mlio mkali wa kuamrisha. Johannes Kuhlo alishika njia nyingine: tarumbeta ya kanisa sharti iimbe, na mwalimu wake ni sauti ya mwanadamu. Kwa hiyo alipenda vyombo ambavyo bomba lake hupanuka polepole, vyenye kikombe kirefu cha kuwekea midomo, kwa kuwa hutoa sauti laini na ya duara. Vilevile alitaka wapigaji wasome noti zile zile za waimbaji, tofauti na desturi ya jeshi. Hivyo mkulima au fundi seremala aliweza kufungua kitabu cha kwaya na kupiga sauti yake mara moja.

Sauti ya namna hiyo haipatikani kwa nguvu. Mpigaji hujifunza kwanza kuvuta pumzi hadi chini ya mbavu, kisha kushika noti moja kwa muda mrefu: aianze taratibu, aikuze, aipunguze, wala isitetemeke. Akikaza midomo ili afikie noti za juu, sauti hukonda. Akipuliza kwa hasira, hupasuka. Huimba wimbo kwanza, apate kujua maneno yake, na kupumua pale waimbaji wanapopumua. Mwisho husikiliza wenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe. Kazi hiyo huhitaji miaka, na sehemu kubwa yake hufanyika pasipo mtu wa kusifu.

Bethel haikubaki mbali na Afrika. Wamisionari wa shirika lililohusiana nayo walifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891, na Bukoba mwaka 1910. Kwa njia ya misioni za Kijerumani desturi ya tarumbeta iliota mizizi katika sharika za Tanzania. Hata leo husikika alfajiri ya Pasaka, katika harusi, na makaburini, ambapo waombolezaji wengi hushindwa kuimba kwa machozi. Hapo ndipo ubora wa sauti hupimwa: tarumbeta inayopiga kelele huwanyamazisha waliofiwa, bali iimbayo huwabeba hadi wapate kuimba tena.

Historia ya kweli haifichi udhaifu. Johannes Kuhlo, aliyewafundisha wengi kusikiliza, katika uzee wake alimuunga mkono Hitler. Masikio yaliyotambua noti iliyopotoka hayakutambua sauti ya mpotoshaji. Uzuri wa muziki, basi, haumkingi mtu na upofu wa moyo. Wapigaji nao huhitaji Neno la kuwahukumu na kuwaongoza.

Mpaka wa urithi huu ni huo, na thamani yake ni hii: chombo cha shaba, kilichokuwa cha vita, kilifundishwa kuimba pamoja na watu wa Mungu. Kijana apokeaye tarumbeta mikononi mwa wazee hupokea chuma tu. Sauti yenyewe hana budi kuitafuta upya, kwa pumzi yake mwenyewe, siku baada ya siku.