Siku Samaria ilipokataa mateka

Mwaka 2016 wapiganaji wa ISIS walilibomoa kwa buldoza Lango la Mashki, moja ya malango ya Ninawi ya kale, ndani ya jiji la leo la Mosul nchini Iraki. Mwaka 2022 wataalamu waliokuwa wakilijenga upya walifukua hapo mabamba ya marumaru yaliyochongwa zama za Mfalme Senakeribu wa Ashuru, miaka 2,700 hivi iliyopita. Yanaonyesha wapiga mishale, milima, mizabibu na mitende. Buldoza halikuyafikia.

Kwa msomaji wa Biblia, jina la Senakeribu halihitaji utambulisho. Ndiye aliyeuzingira mji wa Lakishi katika Yuda mwaka 701 K.K., kisha akaagiza ushindi huo uchongwe kwenye kuta za chumba kimoja cha kasri lake. Mabamba hayo ya Lakishi yalifukuliwa na Mwingereza Austen Henry Layard katika karne ya 19, na sasa yako katika Makumbusho ya Uingereza, London. Hakuna maandishi yanayoeleza hali ya mateka wa siku zile kwa uwazi kuyashinda.

Tazama sehemu moja tu. Familia inatoka mjini na mkokoteni unaovutwa na ng'ombe, wanyama ambao mchongaji hakusahau kuzionyesha mbavu zao. Wanawake na watoto wameketi juu ya mizigo. Hatua chache kutoka hapo wanaume wawili wamelazwa uchi, wanachunwa ngozi. Wengine watatu wametundikwa juu ya miti iliyochongoka. Mbele kabisa Senakeribu amekaa kwenye kiti cha enzi, nyara na watu vikipitishwa mbele yake. Kumbukumbu zake zinajigamba kwamba alichukua watu 200,150 kutoka Yuda. Hesabu hiyo wanahistoria wengi wanaona imetiwa chumvi, lakini kujigamba kwenyewe kunatosha kutueleza mfalme yule alijivunia nini.

Israeli nayo haikuwa na mikono safi. Watu wa Yuda walimkata adui yao Adoni-Bezeki vidole gumba vya mikono na miguu. Daudi aliwalaza Wamoabi chini, akawapima kwa kamba, wengine wauawe na wengine waachwe. Sheria ya Kumbukumbu la Torati sura ya 21 ilimpa mwanamke mateka mwezi mzima wa kuwalilia wazazi wake kabla mwanamume hajamwoa, na ikakataza kumuuza baadaye akiachwa. Kwa enzi ile ilikuwa nafuu, ingawa hakuna aliyemuuliza mwanamke huyo kama ameridhia.

Ndiyo maana habari ya Odedi inastahili kusimuliwa kwa kituo. Iko katika Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 28. Miaka ya 730 K.K., Mfalme Peka wa Israeli alimvamia Ahazi wa Yuda. Watu wa damu moja, wana wa Yakobo wote, wakachinjana. Zikri, shujaa wa kabila la Efraimu upande wa Israeli, alimuua hadi mwana wa mfalme. Jeshi likarudi Samaria, mji mkuu wa Israeli, na nyara tele, pamoja na wanawake, wana na mabinti 200,000 kwa hesabu ya mwandishi. Hata tukiipunguza hesabu hiyo mara kumi, bado ni umati wa kutisha.

Nje ya mji akatokea nabii, Odedi, akalikabili jeshi lililotoka kushinda. Hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba Mungu aliikasirikia Yuda, ni kweli, lakini wao wameua kwa ghadhabu iliyofika mbinguni, na sasa wanataka kuwafanya ndugu zao watumwa. Je, wao hawana dhambi zao? Warudisheni.

Neno la nabii peke yake lingeweza kupuuzwa, kama manabii wengi walivyopuuzwa. Lakini viongozi wanne wa Efraimu, Azaria, Berekia, Yehizkia na Amasa, walisimama wakawazuia askari: mateka hawa hawaingii humu. Fikiria mgogoro huo. Mbele yao kuna wanaume wenye silaha ambao malipo yao ya vita ni hao watu na mali hiyo. Mfalme Peka hatajwi kabisa katika mzozo. Sauti ni ya raia. Na askari wakakubali. Waliacha mateka na nyara mbele ya mkutano wote.

Kilichofuata mwandishi amekiandika kwa umakini wa mtu anayejua uzito wake. Waliokuwa uchi walivikwa nguo kutoka katika zile nyara zenyewe. Walipewa viatu, chakula na maji, wakapakwa mafuta. Wanyonge walipandishwa punda, wakasindikizwa hadi Yeriko. Ni zaidi ya kilomita 50 za kushuka kutoka vilima vya Samaria hadi bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Mafuta, punda, Yeriko, watu wa Samaria: wasomi wengi wanaona kwamba Yesu aliikumbuka habari hii alipotoa mfano wa Msamaria Mwema.

Mfano huo kila mtoto wa Shule ya Jumapili anaujua. Odedi hajulikani, na hilo linaniuma. Mimbarini husikika kuta za Yeriko zilivyoanguka. Wale wanne waliosindikiza mateka hadi Yeriko ileile, majina yao hayatajwi humo.

Muda si mrefu Samaria yenyewe ilianguka, na Mfalme Sargoni wa Pili wa Ashuru akaandika kwamba alihamisha watu 27,290. Kisha ikaja Babeli, inayofahamika zaidi: Mfalme Sedekia wa Yuda akatobolewa macho baada ya kushuhudia wanawe wakiuawa, naye Yehoyakini, mfalme mwingine wa Yuda, akafungwa na kulishwa. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Babeli yanaorodhesha mgawo wa mafuta wa mfalme huyo na wanawe watano.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1949, mataifa yaliafikiana huko Geneva kuhusu mateka wa vita na raia. Hata hivyo, mwezi Agosti 2014, ISIS waliteka maelfu ya wanawake na watoto wa Kiyazidi huko Sinjar na kuwauza. Nadia Murad, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, alishikiliwa Mosul, jiji lilelile lenye magofu ya Ninawi. Alitoroka, akahifadhiwa na familia moja ya hapo iliyomsaidia kutoka. Jamaa za wengine walilazimika kulipa fedha ili binti zao warudishwe, na wapo ambao mpaka leo hawajapatikana.