Almasi, Karati na Dhamiri: Ukoo wa Maneno Magumu



Wanafunzi wetu wana desturi ya kuliita neno gumu la Kiingereza "msamiati". Wataalamu watasahihisha upesi kwamba msamiati ni jumla ya maneno ya lugha, wala si neno moja lililomshinda mtu. Hata hivyo desturi hiyo inafichua jambo. Kwa mwanafunzi, neno gumu halina ndugu wala ukoo; limemfikia pekee kama jiwe lililookotwa njiani, naye hukariri maana yake na kuisahau baada ya mtihani. Mimi niliyehitimu chuo cha ualimu, nikafundisha sekondari mkoani Shinyanga hadi kustaafu, naamini kwamba kila neno gumu lina ukoo, na kwamba mara nyingi ukoo huo unapita mlangoni petu. Ushahidi wangu ni Mwadui.

Mwadui iko Kishapu, katika nchi ya Wasukuma. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua hapo mojawapo ya miamba mikubwa kabisa ya almasi duniani. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipofunga ndoa mwaka huohuo. Baada ya kuchongwa ilibaki na karati 23.6. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukamilikiwa kwa nusu kwa nusu na Serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Wayunani wa kale walikuwa na neno "adamas", lenye maana ya kitu kisichoshindika. Neno hilo lilishika njia mbili. Njia ya kwanza ilipita Kilatini na Kifaransa, ikafika Kiingereza kama "diamond". Njia ya pili iliingia Kiarabu, ikawa "almas", na kwa mikono ya wafanyabiashara wa pwani ikawa almasi yetu, muda mrefu kabla Williamson hajazaliwa. Kwa hiyo almasi na "diamond" ni watoto wa bibi mmoja waliolelewa nyumba mbalimbali. Kiingereza kina mtoto mwingine wa ukoo huo, "adamant", anayeelezwa hivyo akiwa ni mtu aliyeshikilia msimamo wake hata hatikisiki. Mtoto wa Mwadui aliyeambiwa kwamba neno hili ni ndugu wa jiwe linalochimbwa kijijini kwao hahitaji kulikariri mara ya pili.

Karati nayo ina safari yake. Asili yake ni neno la Kiyunani la mbegu ya mti wa karobu, mbegu iliyotumiwa kama kipimo cha uzani. Waarabu wakaliita "qirat", na Wazungu wakalipata kwao. Leo karati moja ya almasi ni gramu 0.2, hivyo jiwe lile la waridi halikutimiza hata gramu 11. Lakini ukisafiri kutoka Mwadui hadi Geita utakuta neno lilelile limebadili kazi. Kwa sonara, karati haipimi uzani bali usafi: dhahabu safi ni karati 24, na ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika kila sehemu 24. Mwanafunzi aliyekariri maana moja tu atapotea njiani kati ya miji hiyo miwili.

Kwa nini basi tulifundisha kwa kukaririsha? Historia ya shule zetu inajibu. Tangu Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Kidato cha kwanza mtoto hukutana na baiolojia na hesabu kwa Kiingereza, na kwa Msukuma hiyo ni lugha ya tatu. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari pia, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwalimu mwenye maneno mengi na vipindi vichache akaandika ubaoni safu mbili, neno na maana, na wanafunzi wakanakili.

Kwamba jambo hili si la darasani tu, mwaka 2017 ulituonyesha. Mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa mchanga wenye madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na neno makinikia, linalosikika ndani yake shina la "makini", likaenea nchi nzima. Bunge likapitisha sheria ya kupitia upya mikataba ya maliasili, na katika jina lake la Kiingereza limo neno "unconscionable". Hilo ni neno gumu hata kwa Mwingereza. Ndani yake limo "conscience", kutoka Kilatini, kwa maana ya kujua pamoja. Sheria hiyo inalihusisha na sharti linalokwenda kinyume na dhamiri njema na kuhatarisha masilahi ya wananchi.

Kwa Kiswahili tuliambiwa "masharti hasi". Tafsiri hiyo ni fupi, na kila mtu anaielewa. Lakini hasi ni neno la hesabu, kinyume cha chanya, na dhamiri haisikiki tena. Inasikitisha, maana dhamiri ni neno zito: asili yake ni Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kilichofichwa moyoni. Mzungu aliona kitu kinachojulikana kwa pamoja, Mwarabu akaona kitu kilichositirika ndani. Mkataba mbaya unavunja vyote viwili.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ila haimwondolei mwalimu wa Kiingereza kazi. Atakayeitafsiri sheria lazima ajue neno la kigeni limebeba nini, ndipo apime kama Kiswahili kimekibeba chote.

Ombi langu kwa walimu walio kazini ni dogo. Chagueni maneno matano kwa juma badala ya hamsini. Waulizeni wanafunzi kila neno limetoka wapi, lina ndugu gani katika Kiswahili, na limebadili kazi wapi. Kisha waandike maana yake kwa Kiswahili chao wenyewe. Wengi wao wataajiriwa migodini, na siku moja watawekewa mezani mkataba wa kurasa nyingi. Aliyezoea kuuliza hivyo atauliza pia kabla ya kutia saini.